Ng'ombe Analala kwa Nani? Hesabu ya Utajiri katika Nchi ya Chai

Kabla ya chai, utajiri wa Wakipsigis wa Kenya ulihesabiwa kwa ng'ombe, na ng'ombe hao hawakulala mahali pamoja. Mwenye kundi kubwa aliwatawanya: wawili kwa rafiki wa Belgut, watatu kwa shemeji wa Bureti, mmoja kwa mtu wa rika lake aliyehamia upande wa Sotik. Desturi hiyo inaitwa kimanagan. Aliyepokea alikamua maziwa na kulisha watoto wake, lakini ng'ombe alibaki wa mwenyewe, na uzao wake pia. Ilikuwa akili ya watu wanaojua nchi yao: ugonjwa ukiingia boma moja haukumaliza mali yote ya mtu, na jirani asiye na kitu hakukosa maziwa. J. G. Peristiany, aliyechapisha mwaka 1939 kitabu kuhusu taratibu za kijamii za Wakipsigis, aliiandika desturi hii kama mojawapo ya nyuzi zilizowafunga watu pamoja. Sasa fikiria mgeni mwenye daftari anayepita boma kwa boma akihesabu mifugo. Angekuta boma kumi zenye ng'ombe wanne wanne, akaandika kwamba watu wa kilima kile wako sawa, asijue kwamba nusu ya ng'ombe wale ni wa mtu mmoja anayeishi ng'ambo ya mto, ambaye siku hiyo daftari lilimwandika kuwa na wanyama wawili tu. Hesabu yake isingekuwa na kosa hata moja la kujumlisha. Kosa lingekuwa katika swali: aliuliza ng'ombe wangapi wamelala hapa, asiulize ni wa nani.

Nchi ileile leo imefunikwa na chai, kutoka vilima vya Ainamoi na Belgut hadi Konoin, na daftari la mgeni yule limekuwa takwimu rasmi za kaunti. Nasema takwimu hizo, kwa sehemu kubwa, bado zinauliza mali imelala wapi. Ndiyo maana tunapozitumia kulinganisha makundi, Kericho na Bomet, mwenyeji na mfanyakazi wa kambi ya chai, jamii hii na ile, tunafika kwenye majibu yanayoonekana imara na kumbe yamesimama juu ya swali pungufu. Sidai kwamba takwimu ni uongo. Nadai kwamba wastani wa mahali si utajiri wa watu wa mahali hapo, na kwamba katika nchi ya chai tofauti kati ya vitu hivyo viwili ina historia ya zaidi ya miaka mia moja inayoweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Reli ilipita kaskazini mwa nchi ya Wakipsigis mwaka 1901, kwenye stesheni iliyoitwa Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliwezesha serikali ya kikoloni kugawa ardhi kwa walowezi, na ile ya 1915 ikarefusha mikataba ya kukodi hadi miaka 999. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1919, ekari 25,000 karibu na Kericho zilitengwa kwa maafisa wa jeshi la Uingereza waliopata ulemavu vitani, wapande kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukavunjika katika miaka michache, na ardhi haikurudi kwa waliokuwa wakilisha ng'ombe wao juu yake. Katikati ya miaka ya 1920 zikaingia kampuni mbili zilizoitengeneza Kericho tunayoijua, Brooke Bond na James Finlay, nazo zikapanda chai. Katika miongo hiyohiyo watu ambao wangeweza kusimamia upinzani waliondolewa. Kiongozi wa ukoo wa Talai, Kipchomber arap Koilegen, alihamishwa mwaka 1914 akafia ugenini. Mwaka 1934, kwa sheria iliyotungwa mahsusi, mamia ya watu wa ukoo huo, wazee, wanawake na watoto, walihamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali pa mbu na joto, wakakaa huko karibu miongo mitatu.

Wakipsigis waliobaki kwenye hifadhi, eneo walilotengewa wenyeji, hawakukaa kimya. Mashamba ya chai yalihitaji mahindi ya kulisha wafanyakazi, nao wakalima mahindi, wakanunua plau, wakajenga vinu vya kusagia vinavyozungushwa na maji ya mito. Kuanzia miaka ya 1930 baadhi yao walianza kuzungushia ua ardhi iliyokuwa ya malisho ya wote. Maafisa wa kikoloni walipenda walichokiona. Robert Manners, aliyefanya utafiti kati yao na kuchapisha kazi yake mwaka 1967, aliliweka neno la sifa walilopewa, kabila la mfano, katika kichwa chenyewe cha maandishi yake, ndani ya alama za kunukuu. Alama zile zina maana. Sifa ya kabila zima ilitokana na maendeleo ya wale waliowahi. Aliyeweka ua kwanza alipata ekari nyingi. Aliyengoja, akiamini kwamba malisho ya wote yatabaki ya wote, alikuta njia imezibwa. Wastani wa mahindi kwa kila boma ulipanda, na afisa aliandika kwamba kabila linaendelea. Kwamba pengo ndani ya kabila lilikuwa linapanuka mwaka uleule, safu yake haikuwemo kwenye fomu.

Chai yenyewe walikatazwa kuipanda. Kwa miaka ipatayo thelathini mmea uliofunika vilima vyao ulikuwa mali ya kampuni peke yake. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, ndio uliofungua mlango kwa wakulima Waafrika, kisha mamlaka ya mazao maalumu ya mwaka 1960, na baadaye Mamlaka ya Maendeleo ya Chai Kenya (KTDA) mwaka 1964. Hata hapo mlango ulikuwa mwembamba: ulihitaji ardhi yenye mpaka unaojulikana, miche, na uwezo wa kungoja miaka kadhaa bila mavuno. Waliopita kwanza walikuwa, kwa kawaida, haohao waliozungushia ua miaka ishirini kabla, pamoja na machifu na walimu. Leo viwanda vya wakulima wadogo vimetapakaa, Litein, Kapkatet, Momul, Tegat, Mogogosiek, Kapset, na maelfu ya familia husomesha watoto kwa majani chai. Hiyo ni habari njema na ya kweli. Lakini safu tatu zilikwisha kujengwa juu ya kilima kimoja: kampuni yenye maelfu ya ekari za kukodi, mkulima mwenye chai yake kidogo, na mfanyakazi asiye na ardhi wala kichaka cha chai. Takwimu zikija baadaye na kuchukua wastani wa safu hizo tatu, hazielezi hata moja.

Chukua mfano mdogo wa kubuni. Kilima kina nyumba kumi. Moja inazalisha chai ya shilingi 910,000 kwa mwaka, na tisa zinazalisha ya shilingi 10,000 kila moja. Jumla ni milioni moja, wastani ni 100,000, na hakuna hata nyumba moja inayoishi kwa shilingi 100,000. Nyumba ya katikati, ukizipanga kutoka ya chini hadi ya juu, ina 10,000. Hili hufundishwa shuleni, na kila mwandishi wa habari analijua. Kinachosahauliwa ni hatua ya pili: ikiwa ile nyumba kubwa ni ya mtu anayeishi London au Colombo, basi hata ile jumla ya milioni moja si mali ya kilima. Imelala pale tu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilipochapisha pato la kaunti kwa mara ya kwanza mwaka 2019, ilifanya kazi kubwa na yenye manufaa, na ilieleza wazi kwamba inagawa uzalishaji kwa mahali ulipofanyika. Kwa taifa zima tuna hesabu mbili: pato la ndani, linalopima kilichozalishwa ndani ya mipaka, na pato la taifa, linaloondoa faida zinazokwenda kwa wageni na kuongeza zinazokuja. Kwa kaunti tuna ile ya kwanza tu. Katika kaunti ya wakulima watupu upungufu huo si mkubwa sana. Kericho, ambako sehemu nzito ya jani hutoka kwenye ardhi ya kampuni, unabadilisha maana ya tarakimu yenyewe. Ukiigawa kwa idadi ya wakazi, unamgawia mchumaji wa Belgut faida asiyoigusa kamwe.

Mtu makini atanipinga hapa. Atasema pato la kaunti ni kipimo kibovu cha ustawi, kila mchumi anajua, na ndiyo maana tuna tafiti za kaya zinazouliza watu wanakula nini na wanatumia nini. Ni kweli. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2015/16 uliweka mstari wa umaskini wa mashambani kwenye shilingi 3,252 kwa mwezi kwa mtu mzima, ukakuta asilimia 36.1 ya Wakenya wako chini ya mstari. Kericho ilikuwa asilimia 30.3 na Bomet asilimia 48.8. Tofauti ya pointi zaidi ya kumi na nane kati ya kaunti mbili zinazopakana, zenye lugha moja, mvua inayofanana na zao lilelile. Matumizi ya kaya hayabebi faida ya kampuni, kwa hiyo hoja yangu ya kwanza haitoshi kulijibu hili. Tofauti ni ya kweli kwa maana kwamba ilipimwa kwa uangalifu. Swali linalobaki ni kama tunalinganisha watu wa aina moja.

Kwanza, mpaka wenyewe. Hadi mwaka 1992 Bomet ilikuwa ndani ya wilaya ya Kericho. Takwimu yoyote ya wilaya ya Kericho ya miaka ya 1970 au 1980 ilikuwa na watu wa Longisa na Sigor ndani yake, wale wa nyanda za chini zisizofaa chai. Wilaya ilipogawanywa, wastani wa iliyobaki ulibadilika bila mtu yeyote kupata shilingi moja zaidi. Leo ukilinganisha kaunti hizi mbili, sehemu ya unachokipima ni mahali mstari ulipopita. Mkulima wa chai wa Konoin, upande wa Bomet, anafanana zaidi na mwenzake wa Roret, upande wa Kericho, kuliko anavyofanana na mfugaji wa Chepalungu aliye naye katika kaunti moja. Pengo kubwa halipo kati ya kaunti. Lipo kati ya ukanda wa chai na ukanda wa chini, na mpaka wa kiutawala unalikata vipande viwili hadi halionekani vizuri upande wowote.

Pili, kambi. Tangu mwanzo kampuni zilichukua wafanyakazi wengi kutoka mbali, Gusii, Nyanza na Magharibi, zikawaweka kwenye laini, zile safu za nyumba ndogo zilizopangwa kati ya mashamba. Mchumaji anayeishi peke yake kwenye laini, akiwa ameacha mke na watoto wanne Nyamira, anahesabiwa kama kaya ya mtu mmoja Kericho. Matumizi yake yanagawanywa kwa mmoja. Watoto wake wanahesabiwa Nyamira, na njaa yao, ikiwapo, inaandikwa huko. Sensa ya 2019 ilikuta wastani wa watu 4.4 kwa kaya Kericho na 4.7 Bomet. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ni wastani pia, uliochanganya kaya za mtu mmoja za kambini na boma za watu saba za Kipkelion. Atakayesema kwamba utafiti ulikwisha kulirekebisha hilo, kwa sababu mtoto huhesabiwa kama sehemu tu ya mtu mzima, anasema kweli nusu. Mizani hiyo hupima watoto waliomo ndani ya nyumba. Haina namna ya kumpima mtoto anayelelewa mbali na hapo kwa mshahara uleule.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, limo katika kipimo cha mali za nyumbani kinachotumiwa na tafiti za afya. Wadadisi huuliza sakafu ni ya nini, paa ni la nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, kuna umeme, redio, televisheni, mifugo, na majibu hujumlishwa kuwa alama inayoipanga kaya kati ya maskini na tajiri. Ni kipimo cha busara mahali ambapo mtu hujenga nyumba kwa kipato chake mwenyewe. Kwenye laini ya kampuni, sakafu ya saruji, bomba la maji na choo ni vya mwajiri. Mfanyakazi anavitumia kama mpokeaji wa kimanagan alivyotumia maziwa: kwa siku za mkataba. Siku akistaafu, akiugua mgongo, au mashine ya kuchumia ikichukua nafasi yake, anarudisha ufunguo na alama zake zote za utajiri zinabaki ukutani. Jirani yake, mwenyeji mwenye ekari mbili za chai, ng'ombe watatu na nyumba ya udongo yenye taa ya koroboi, anaweza kuandikwa chini yake. Mmoja ana rasilimali atakayowarithisha wanawe, mwingine ana anwani. Ukichukua takwimu hizo ukalinganisha wageni na wenyeji kwa kabila, unaweza kuthibitisha kwamba mgeni ananufaika kuliko mwenyeji. Nchi hii imeona hisia za namna hiyo zinafika wapi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa jamii nyingine walishambuliwa ndani ya mashamba ya chai ya Kericho, wakauawa, wakafukuzwa. Sisemi takwimu ziliwasha moto ule. Nasema watu waliofukuzwa kama wanyonyaji walikuwa hawamiliki hata mlango waliovunjiwa.

Kuna pingamizi linalotolewa kwa nia njema na linalostahili jibu la heshima: kwamba kampuni zilileta hospitali, shule, barabara, na kwamba mtu anayetibiwa katika hospitali ya shamba ana hali bora kweli, awe anamiliki kitanda au hamiliki. Nakubali, na sitaki manufaa hayo yafutwe kwenye hesabu. Mtoto aliyepona malaria amepona. Lakini utajiri na huduma ni vitu viwili tofauti, na tofauti yao huonekana siku ya msukosuko. Mwenye ardhi hukopa kwa hati yake, hukata kipande akauza, husubiri bei mbaya ipite. Mwenye huduma tu hana cha kusubiria. Mei 2023 wakazi walipovamia mashamba na kuteketeza mashine za kuchumia chai, waliosukumwa kufanya hivyo ni watu waliokwisha kuelewa hilo bila kusoma jedwali lolote.

Na wapo ambao takwimu haziwaoni kabisa. Watu wa Talai walirejeshwa kutoka Gwassi uhuru ulipokaribia, wakakuta ardhi ina wenyewe wapya, na wengi wakaishia kubanana pembeni mwa mji wa Kericho. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakipsigis karibu milioni 1.9, na ukoo huo umo humo ndani, umeyeyuka. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika habari zao katika ripoti yake ya 2013, na mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza kufuatia malalamiko ya zaidi ya watu 100,000 wa Kericho na Bomet kuhusu ardhi yao. Lakini hakuna jedwali rasmi linaloonyesha mjukuu wa aliyehamishwa ana nini leo ukimlinganisha na mjukuu wa aliyebaki. Vivyo hivyo ndani ya nyumba moja. Chai ya mkulima mdogo hupimwa kwenye kituo cha kununulia na kuandikwa kwa nambari ya mkulima, na mara nyingi nambari hiyo ni ya mume. Mke ndiye anayeamka na kikapu. Malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka huingia kwenye akaunti yenye jina moja, na utafiti huandika kaya moja yenye kipato kimoja. Bonasi yenyewe hutangazwa kwa wastani wa kilo, na kila mwaka hasira hupanda viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa vinapolipa chini ya vile vya mashariki. Ni hasira ya haki. Lakini mshindo wake hufunika sauti ya aliyechuma jani na hakuona hata hiyo bonasi ndogo.

Wengine watauliza: basi tufanye nini, tutupe hesabu? La. Fomula ya kwanza ya kugawia kaunti fedha ilitoa asilimia 20 ya mgao kwa kigezo cha umaskini, na bila takwimu fedha zile zingegawanywa kwa sauti ya aliye karibu na Nairobi. Afisa wa takwimu wa leo si mgeni wa daftari la boma. Ana ujuzi na uaminifu ambao sina sababu ya kuutilia shaka. Ninachoomba ni maswali yanayowezekana kuulizwa kesho asubuhi: nyumba hii ni ya nani, nambari ya chai ni ya nani, ni watoto wangapi wanaokula kutoka mshahara huu lakini hawalali hapa, na katika kila shilingi iliyozalishwa kwenye kilima hiki, ngapi zilibaki. Maswali haya hayahitaji sayansi mpya. Wazee wa kimanagan waliyajibu bila karatasi, kwa sababu kila mmoja alijua kila ng'ombe kwa rangi na kwa mwenyewe.

Haja ya maswali hayo imeonekana wazi miaka hii ya karibuni. Unilever, iliyoinunua Brooke Bond mwaka 1984, iliuza biashara yake ya chai kwa wawekezaji wa CVC, mauzo yakakamilika 2022, nayo ikaja kuitwa Lipton. Mwaka 2023 mashamba ya James Finlay yalichukuliwa na Browns ya Sri Lanka, na mwaka 2024 Lipton ikatangaza kuiuzia kampuni hiyohiyo mashamba yake ya Kenya. Karibu miaka mia moja ya umiliki imebadilika mikono ndani ya muda mfupi kuliko ule wa mche wa chai kufikia kuchumwa. Katika mauzo ya Finlay kulikuwa na ahadi ya asilimia 15 ya hisa kwa ushirika wa wenyeji, na Katiba ya 2010 ilikwisha kuipunguza mikataba ya miaka 999 ya wasio raia hadi 99. Hayo ndiyo mambo yanayoweza kuamua nani atakuwa na mali Kericho na Bomet mwaka 2100. Pato la kaunti halikutikisika kwa lolote kati ya hayo, na lisingetikisika hata kama asilimia 15 ingekuwa sifuri, au mia.